Mto Twahara, Samaki Asiyelika

Mtoto wa chuo cha Kurani pale Pangani, kabla hajaweza kuandika jina lake bila kukosea, huwa tayari anazijua sifa tatu za maji: rangi, harufu na ladha. Maalimu anasoma kitabu cha Safina, watoto wanaitikia kwa sauti moja, na kanuni inakaa kichwani maisha yote. Maji machache huharibika kwa kuguswa tu na najisi. Maji mengi, yaliyofika kipimo cha kulla mbili na kuzidi, hayaharibiki mpaka mojawapo ya sifa zile tatu ibadilike. Kwa hiyo mto haukututia wasiwasi. Tulitawadha mtoni, tukaoga mtoni, na masika ilipoujaza ukapanda mpaka kwenye minazi, wazee walimshukuru Mungu, maana tope lililobaki ndilo lililokuwa mbolea ya mwaka mzima.

Sasa naishi Saginaw, katika jimbo la Michigan, Marekani. Riziki yangu naipata kwenye mabomba ya maji: naziba, nazibua, nabadilisha. Jumapili asubuhi nasomesha watoto dini. Tulipofika mlango wa twahara, binti mmoja wa miaka kumi na mmoja akanyoosha mkono: "Ustadhi, na Tittabawassee je? Ni twahara?" Alikuwa ameona kibao kwenye bustani ya kando ya mto kinachowataka watu wanawe mikono wakishashika udongo. Akalinganisha mambo mawili. Ikiwa serikali inasema nawa udongo huu usije ukakudhuru, mbona ustadhi anasema ukikosa maji tayamamu kwa udongo?

Nilimwambia nitamjibu Jumapili inayofuata. Nimelifikiria swali lile kuliko swali jingine lolote la dini tangu nije nchi hii.

Mto wenyewe si mkubwa kwa macho ya mtu aliyeuona Rufiji. Unapita mji wa Midland, unateremka kilomita kama 35, unakutana na Shiawassee hapa kwetu, na kuanzia hapo unaitwa Saginaw mpaka unapoingia Ziwa Huron. Chini ya ardhi ya Midland kuna maji ya chumvi kali, na hayo ndiyo yaliyomvuta Herbert Henry Dow, aliyeanzisha kampuni ya Dow Chemical mwaka 1897 ili kutengeneza dawa ya kupaushia. Umeme ulipitishwa kwenye maji yale ya chumvi kwa vijiti vya kaboni, klorini ikatoka. Ila klorini ilipokutana na kaboni ya vijiti, pembeni zikazaliwa furani, ambazo ni ndugu wa sumu iitwayo dioksini kwa umbo na kwa madhara. Hakuna aliyezikusudia, na wakati ule hapakuwa na chombo duniani cha kuzitambua. Taka zikaenda mtoni. Baadaye zikaja klorofenoli na dawa ya magugu ya 2,4,5-T, ile iliyokuwa nusu ya Agent Orange iliyomwagwa Vietnam, nazo zilibeba dioksini ndani yake.

Dioksini haipatani na maji. Hukimbilia mafuta, na ikikosa mafuta hung'ang'ania punje za udongo. Ukichota maji ya Tittabawassee kwa gilasi na kuyainua kwenye mwanga, huoni kitu, na kwa kweli ndani yake karibu hakuna kitu. Sumu imekaa chini, kwenye mashapo, na pembeni, kwenye kingo na uwanda wa mafuriko, ambako kila mto ulipofurika kwa miaka mia na zaidi ulitandaza tope na kuliacha likauke. Mahali pengine tabaka chafu kuliko yote limefunikwa na tabaka safi zaidi la miaka ya karibuni. Ukingo ukimomonyoka, la zamani linaingia mtoni upya na kuanza safari kana kwamba limetupwa jana.

Dioksini hupimwa kwa sehemu kwa trilioni. Sehemu moja kwa trilioni ni gramu moja iliyochanganywa katika tani milioni moja za udongo. Kipimo cha jimbo la Michigan kwa udongo wa makazi kilikuwa 90. Mwaka 2015 mamlaka ya mazingira ya serikali kuu, EPA, iliweka kwa uwanda huu 250 kwenye viwanja vya nyumba na 2,000 kwenye ardhi ya matumizi mengine. Na Novemba 2007, kwenye sakafu ya mto Saginaw karibu na bustani ya Wickes, ilipatikana sampuli moja yenye milioni 1.6. Bustani hiyo ninaipita nikienda kazini. Watu wanakaa pale kula chakula chao cha mchana.

Nilimpigia maalimu wangu kwa WhatsApp. Ni mzee sasa, macho yamepungua, lakini kumbukumbu yake haijapungua.

"Maalimu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Huko baridi imepungua?"

Nikamweleza habari ya mto, kiwanda, na kitu kisicho na rangi wala harufu wala ladha. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kitu chenyewe ni katika zile najisi ulizosomeshwa?" Nikasema hapana. "Basi maji yako twahara. Kuna majani mangapi porini yana sumu ya kuua? Yote twahara. Ukiyashika huna haja ya kunawa kwa ajili ya sala. Ukiyala umefanya haramu, kwa kuwa umeidhuru nafsi. Twahara ina mlango wake, madhara yana mlango wake. Asikuchanganyie mtu."

Jibu hilo ni sahihi katika madhhebu yetu ya Shafi na ndilo nililompa yule binti. Udhu unasihi. Udongo unafaa kwa tayamamu, ingawa mwenye kupata udongo mwingine autumie huo mwingine. Samaki hatumli. Na baada ya kucheza kando ya mto tunanawa kwa sabuni, kwa sababu mwili nao una haki yake juu ya mwenyewe.

Lakini mimi sikutulia. Nimeona jinsi mtu anavyotoka kwenye udhu akiwa ameridhika kwamba mambo yake na ulimwengu yamekwisha. Kanuni ya rangi, harufu na ladha iliwekwa kwa huruma: mkulima, baharia na mchunga ng'ombe wote wana macho, pua na ulimi, na Mungu hakutaka ibada isimame kwenye milango ya wenye maabara. Hofu yangu ni kwamba tumeichukua huruma hiyo tukaifanya mpaka wa wajibu, kwamba kisichoonekana wala kunuswa hakituhusu.

Wanachuoni wetu hawakufikiri hivyo, na ushahidi uko kwenye jambo ambalo kila mtoto wa chuo wa pwani amelisoma na kulipita haraka: maji ya mushammasi. Ni maji yaliyopashwa moto na jua katika chombo cha madini, kwenye nchi ya joto. Hayana najisi. Sifa zake tatu ni salama. Ila yakawekwa katika makuruhi, yasiyopendeza ingawa si haramu, na sababu iliyotajwa ni ya tiba: iliaminika kwamba chombo hutoa kitu kinachodhuru ngozi na kuleta mbalanga. Imamu Shafi mwenyewe alilipeleka jambo hilo kwa matabibu. Na Imamu Nawawi, nguzo ya madhhebu haya haya, alipouangalia ushahidi huo karne nyingi baadaye hakuuona una nguvu, akapinga ukuruhi wenyewe. Mimi nalipenda jambo hili kuliko ninavyoweza kueleza. Wazee wale walijadiliana juu ya ushahidi wa kitu kisichoonekana ndani ya maji, mmoja akaukubali, mwingine akaukataa, na wote wawili walichukulia kwamba elimu ya mwili ina haki ya kuingia kwenye mlango wa maji. Na vitabu vinaongeza kwamba mtu akiambiwa na tabibu mwaminifu kuwa maji hayo yatamdhuru yeye, kwake ni haramu.

Sisi tumeambiwa. Jimbo liliwaonya watu kuhusu samaki wa mto huu tangu 1978. Mwaka 2004 likaongeza onyo kuhusu wanyama wa kuwindwa kwenye uwanda wake, maini ya kulungu na bata mzinga wa porini. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka dioksini kali kuliko zote, TCDD, katika kundi la vitu vinavyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Mwilini mwa mtu kiasi chake huchukua miaka 7 hadi 11 kupungua nusu.

Kuambiwa, hata hivyo, hakumfikii kila mtu sawasawa. Siku moja ya Mei nilikuta vijana wawili Wakongo waliotoka Lansing, wamekaa ukingoni na ndoo. Ndani mlikuwa na kambare wawili wanene, mmoja bado anachezesha mkia. Nikawasalimu, tukafurahi kusikia Kiswahili, nikawaambia wasiwale. Mkubwa wao akamtoa kambare mmoja akamfungua shavu kwa kidole gumba. Damu ilikuwa nyekundu safi. "Mukubwa, hii samaki iko muzuri. Angalia. Haina harufu hata kidogo." Alikuwa anatumia kipimo ambacho mama yake alimfundisha kwenye soko la samaki, na kwa kipimo hicho alikuwa na haki kabisa. Kambare hukaa kwenye tope, hula vilivyomo kwenye tope, na hunenepa; mafuta yale meupe ya tumboni, ambayo kwetu ndiyo utamu wa mchuzi, ndimo dioksini inamojihifadhi. Nikawaonyesha kibao. Kilikuwa hatua chache kutoka walipokaa, na hakikuwa na neno hata moja wanalolisoma. Wakawarudisha mtoni, na nikaona wazi kwamba wamefanya hivyo kwa heshima yangu tu.

Mwaka 2020, tarehe 19 Mei, bwawa la Edenville lilipasuka huko juu ya mto huu, la Sanford likafuata, na watu kama 10,000 wakahamishwa. Ilikuwa mwezi 26 Ramadhani. Usiku ulioingia ulikuwa usiku wa 27, na misikiti imefungwa kwa ajili ya korona. Wiki ile nzima nilikuwa kwenye vyumba vya chini vya nyumba za watu nikivuta maji. Tope lililobaki lilifika kwenye kifundo cha mguu, laini, la kijivu, lina harufu ya mafuta ya gari na majani yaliyooza. Ukikanyaga linafyonza kiatu. Fiqhi ina hukumu nzuri juu ya tope la njiani: likikurukia kwenye nguo na ni vigumu kuliepuka, umesamehewa, kasali. Nimeitumia hukumu hiyo maisha yangu yote. Katika chumba kimoja bibi mmoja mwenye nyumba, Mmarekani mweusi aliyezaliwa hapa hapa, aliniuliza kama alilime bustani yake ya mboga mwaka huo. Alikuwa ameshika miche ya nyanya mikononi. Nikatambua kwamba msamaha wa tope la njiani ni msamaha baina yangu na Mola wangu. Hauna neno lolote kwa yule bibi na nyanya zake.

Hapo ndipo swali la yule binti lilipogeuka kwangu likawa swali la pili. Tukishajua kwamba mto ni twahara na una madhara, basi madhara hayo ni ya nani?

Jibu ninalolisikia mara nyingi, hata msikitini, ni kwamba hawakujua. Ni kweli kwa sehemu, na nataka kuwa mwadilifu hapa. Fundi aliyesimama kwenye mitambo ya klorini mwanzoni mwa karne ya 20 hakuwa na njia yoyote ya kujua. Ilikuwa 1957 ndipo Karl Schulz, daktari wa ngozi mjini Hamburg, alipoitambua TCDD kuwa ndiyo iliyokuwa inawatoa wafanyakazi vipele vibaya. Baada ya hapo ujinga ulianza kwisha. Mwaka 1964 wafanyakazi wa Midland wenyewe walipatwa na vipele hivyo, na 1965 kampuni iliwaita watengenezaji wenzake kuja kulizungumzia jambo hilo faraghani. Wananchi wa uwandani hawakualikwa. Kwa hiyo kuna miaka ya kutojua na kuna miaka ya kujua, na mbele ya Mungu miaka hiyo haihesabiwi pamoja.

Tuseme, lakini, kwamba yote ilikuwa miaka ya kutojua. Tuseme kila gramu ilitoka kwa mkono usio na nia mbaya. Sheria yetu inasema nini? Inasema kwa uwazi ambao naona wengi wetu tumeusahau: kukosea huondoa dhambi, hakuondoi dhamana. Mtu aliyelala, akageuka usingizini akavunja mtungi wa jirani, hana dhambi hata ya kope, na mtungi anaulipa. Mtoto mdogo akichoma shamba la mtu, mali ya mtoto itatolewa fidia. Haki ya Mungu na haki ya mja ni daftari mbili. Mungu ni mkarimu na huifuta Yake. Ya jirani yako haifutwi kwa unyofu wa moyo wako, inafutwa na jirani mwenyewe akilipwa au akisamehe. Na mtu akifa na deni, baada ya kuzikwa deni hulipwa kwanza, kabla mrithi hajagusa senti. Kampuni ndiyo kiumbe cha ajabu katika hesabu hii, kwani haifi. Waanzilishi wamezikwa, hisa zimehama mikono mara nyingi, jina liko palepale na deni liko palepale.

Naamini hili kwa moyo wote: lugha ya lawama imetupotezea muda mwingi sana juu ya mto huu. Upande mmoja unasema ninyi ni wabaya, upande mwingine unasema sisi hatukukusudia, na kila mwaka wa mabishano ni mwaka mwingine wa ukingo kumomonyoka. Lugha ya deni isingemuuliza mtu moyo wake ulikuwaje. Ingeuliza kilichovunjika ni nini, ni cha nani, na kinagharimu kiasi gani.

Swali hilo la gharama ndilo gumu, na sitalikwepa. Mwaka 2003 watu zaidi ya 170 wa uwanda wa mafuriko waliishtaki kampuni. Walitaka, pamoja na mengine, igharamie uchunguzi wa afya zao kwa miaka ijayo, ili ugonjwa ukija ugunduliwe mapema. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Michigan ilikataa ombi hilo: hawakuwa wameumia bado, na sheria ya jimbo hailipi hofu ya kuumia kesho. Kusema ukweli, kadhi wa zamani angeweza kufika karibu na hapo. Fiqhi nayo hutaka kuuona mtungi uliovunjika kabla haijaamuru fidia. Na ulikuwepo utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, uliogharamiwa na Dow, ambao mwaka 2006 ulionyesha kwamba kilichoamua zaidi kiasi cha dioksini katika damu za watu ni umri wao, na kwamba kuishi juu ya udongo mchafu kuliongeza kidogo tu. Habari hiyo niliifurahia. Nina majirani ninaowapenda.

Ila kadhi huyo huyo anayo kanuni nyingine, kwamba madhara huondolewa, na haikuwekewa sharti la kusubiri mgonjwa. Ukuta wa jirani ulioinama kuelekea njiani, mwenyewe huamriwa aubomoe ungali umesimama. Mtu aliyekatazwa kufuga kuku wa mayai kwenye uwanja wake, anayemnawisha mjukuu kila akitoka nje, asiyeweza kuuza nyumba bila kumweleza mnunuzi kilichomo kwenye udongo, huyo ameshapungukiwa leo. Na kuna jambo ambalo sijaona mahakama yoyote ikiliweka kwenye mizani. Dioksini hukaa katika mafuta, na mwanamke ana njia moja kubwa ya kuipunguza mwilini mwake, nayo ni kunyonyesha. Madaktari bado wanahimiza kunyonyesha, kwa kuwa faida yake ni kubwa zaidi, nami nawahimiza kina mama wetu vivyo hivyo. Lakini mtoto wa kwanza hupokea sehemu ya mzigo wa mama. Mtoto huyo hajatenda lolote, hajasaini popote, na amelipishwa.

Mwishoni mwa 2019 yalitangazwa makubaliano ambayo kwayo Dow ingegharamia miradi na malipo yenye thamani ya dola milioni 77 hivi kufidia uharibifu wa mito na viumbe vyake: maeneo ya kuzalia samaki, ardhi oevu, bustani za watu. Miongoni mwa walioshika dhamana kwa niaba ya mto ni kabila la Saginaw Chippewa, ambao wazee wao walitia saini mkataba wa 1819 hapa hapa Saginaw na kuachia mamilioni ya ekari. Nimekwenda kuona mojawapo ya ardhi oevu zinazorudishwa, na korongo walikuwa wamesharudi. Sheria yetu ingelielewa jambo hilo vizuri sana: mwenye haki asipojulikana, au akiwa hawezi kudai, haki yake huelekezwa kwenye maslahi ya wote.

Hukumu hiyo ni ya mwenye haki asiyejulikana. Wale waliokwenda mahakamani mwaka 2003 walikuja na majina yao, na nyumba zao zina namba barabarani.